Anajiita therapisti wa usemi na anataka vipindi 20 vilipwe mapema. Tumpime vipi?

kikundi_amu

Asalaam aleikum jamaa. Sisi ni kikundi cha wazazi hapa Amu, kisiwani Lamu. Tuna watoto tisa, wa miaka 2 hadi 7. Baadhi hawajaanza kusema, wengine wanasema lakini hawaeleweki, na mmoja ana kigugumizi. Pia kuna mzee mmoja aliyepigwa na kiharusi: maneno hayamtoki na maji yanampalia.

Kuna mtu wa kutoka bara anayejiita therapisti wa usemi. Amesema atakuja kisiwani asubuhi moja kila mwezi, saa tatu hadi saa sita, awaone wote kumi. Cheti ametutumia picha kwa simu, ni cha kozi ya wiki sita. Anataka kila familia ilipe vipindi 20 kwanza, na anasema katika miezi mitatu watoto watakuwa wanazungumza vizuri.

Kuna wanaotaka tukubali tu, maana kwenda Mombasa ni boti hadi Mokowe, kisha basi siku kutwa na mtoto mapajani. Mtu kama huyu anaulizwa nini? Na mtaalamu wa kweli tutamjuaje?

---

usemi_pwani

Waaleikum salaam. Kabla ya cheti, pigeni hesabu kwanza. Saa tatu hadi saa sita ni dakika 180. Gawanya kwa watu kumi, kila mmoja anapata dakika 18, na hapo hujahesabu kuvua viatu, kusalimiana na mtoto kulia kwa kumwogopa mgeni. Tathmini ya kwanza ya mtoto mmoja huchukua saa nzima hadi saa moja na nusu. Halafu vipindi 20 kwa mwendo wa kimoja kila mwezi ni miezi 20, naye ameahidi miezi mitatu. Hesabu zake zenyewe hazikutani.

Hiyo ahadi nayo ni dalili mbaya kuliko cheti. Maadili ya taaluma hii yanakataza kumhakikishia mgonjwa matokeo. Mtaalamu atakwambia anachotarajia, atakwambia ni kwa nini, na atakwambia ni lini mtakaa tena kuangalia kama kinatokea. Hakwambii mwanao atasema kufikia mwezi fulani.

Sasa cheti. Kozi ya wiki sita haimfanyi mtu therapisti wa usemi na lugha popote ninapopajua. Hii ni shahada. Makerere kule Uganda wanafundisha shahada ya kwanza, na baadhi ya wanaofanya kazi Kenya wametoka huko. India shahada yao ni ya miaka minne, mmoja ukiwa wa mazoezi hospitalini, na inaunganisha usemi na usikivu pamoja. Marekani hawamkubali bila shahada ya uzamili, na lazima awe amefanya saa 400 za mazoezi akisimamiwa, kisha afanye kazi chini ya msimamizi kwa muda kabla ya kupewa cheti kamili. Kwa hiyo swali la kwanza ni jepesi: "Shahada yako ni ya nini hasa, na umeipata chuo gani?" Akijibu "nimesomea mambo ya watoto", muulize tena mpaka ataje jina la shahada.

Swali la pili: "Umesajiliwa wapi, na namba yako ni ipi?" Aliyesomea au kufanya kazi Uingereza hutafutwa kwenye orodha ya HCPC, wa Afrika Kusini kwenye HPCSA, wa India kwenye orodha ya Rehabilitation Council of India, na Marekani ni ASHA. Orodha za namna hii ziko kwenye intaneti na kutafuta jina hakuna malipo. Hapa kwetu madaktari wana baraza lao na wauguzi lao, ila kwa fani hii njia haijanyooka hivyo. Sheria ya Afya ya 2017 iliunda Kenya Health Professions Oversight Authority kusimamia taaluma za afya kwa jumla, na wataalamu wa usemi wenyewe wana chama. Mwambie akuonyeshe karatasi za usajili alizo nazo, si picha iliyokatwa pembeni. Jina la kwenye karatasi lilingane na la kitambulisho. Nasema hivi kwa sababu vyeti vya kuazima vipo.

Ila msije mkampata mwenye shahada mkafumba macho. Hii fani ni pana. Kuna aliyezamia watoto wasiosema, kuna wa kigugumizi, kuna wa kaakaa lililopasuka, kuna wa kiharusi na kumeza. Watu wenu kumi wana matatizo manne tofauti. Ulizeni: "Mwaka uliopita, wagonjwa wako wengi walikuwa na nini?" Anayejua kazi yake hataona haya kusema "mzee huyo si wangu, mpelekeni kwa fulani". Anayesema anaweza yote kumi, hapo mtilie shaka.

Malipo nayo yagawanywe. Lipeni tathmini peke yake. Mkishapata ripoti ya maandishi na mkaridhika, lipeni vipindi vinne hadi sita, kisha mkae mwangalie. Risiti kila mara. Na muulize kipindi ni dakika ngapi, maana bei ya dakika 30 na ya dakika 45 zikitajwa zote kuwa "kipindi kimoja" hutajua nani ghali.

---

masikio_kwanza

Naongeza la masikio kwa sababu hakuna aliyeligusa. Mtoto yeyote aliyechelewa kusema apimwe masikio kabla ya kipindi cha kwanza. Mkimuuliza huyo mtu "tulete majibu ya masikio?" akawajibu "si lazima, huyu anasikia, tazama ameniangalia nilipopiga makofi", mwacheni aende zake.

Kupiga makofi hakupimi kitu. Mtoto anaweza kusikia mlango ukibamizwa, adhana, na honi ya boti, akakosa kabisa sauti nyembamba kama s, sh na f. Huyo ataitika akiitwa kwa nguvu, na maneno yake yatatoka bila ncha. Wazazi husema ni mkaidi, "akitaka anasikia". Na kuna wenye maji nyuma ya kiwambo cha sikio, hasa baada ya mafua ya mara kwa mara: wiki hii anasikia, wiki ijayo kama ameweka kichwa ndani ya maji. Hao hupimwa, halafu hupimwa tena baada ya kama miezi mitatu, kwa sababu maji mengi huondoka yenyewe.

Vipimo viko vya aina kadhaa. Kuna cha kuweka kijiplagi sikioni, mashine inasikiliza mwangwi wa sikio la ndani. Ni dakika chache na mtoto akiwa amelala ndiyo bora. Kipo kingine kinachoangalia kama kiwambo kinatikisika. Kuanzia miaka miwili na nusu au mitatu mtoto aliyezoeshwa anaweza kupimwa kwa mchezo: akisikia mlio anatia kijiti kwenye kopo. Mzoesheni mtoto mchezo huo nyumbani siku mbili tatu kabla, kwa kugonga kijiko, ili akifika asishangae.

Anzeni King Fahd hapo Lamu, na walio Malindi waanze hospitali ya Malindi. Ombeni barua ya rufaa kwa idara ya masikio, pua na koo. Hospitali ya rufaa ya ukanda wetu ni Coast General, Mombasa. Pigeni simu kabla ya kusafiri, mwulize mambo mawili: mashine inafanya kazi? mpimaji yuko siku hiyo? Kusafiri kutoka Amu ukakuta mashine imepelekwa kutengenezwa si jambo dogo. Nta nayo isafishwe huko huko hospitali siku mbili kabla, maana nta ikijaa kipimo hurudi na majibu ya uongo. Msitie kijiti cha pamba, kinaisukuma ndani zaidi.

---

mwalimu_tathmini

Nataka kutenganisha watu ambao huku pwani wote wanaitwa "therapisti".

Kuna vituo vya tathmini ya elimu vya serikali, EARC, vilivyoanza mwaka 1984. Kule utakuta mwalimu wa tathmini. Kazi yake ni kumwangalia mtoto, kusema ana mahitaji gani ya kujifunza na kupendekeza shule au kitengo kinachomfaa. Nendeni, barua yake itawasaidia shuleni. Lakini hatibu usemi na hatakiwi kujidai anatibu.

Kuna walimu wa elimu maalumu, wengi wamepita KISE, chuo cha elimu maalumu kule Nairobi. Hao wanajua kumkalisha mtoto, kupanga siku yake kwa picha, kumfundisha kwa hatua ndogo. Cheti chao ni cha ualimu. Kuna okupeshonali therapisti, wa mikono, kula mwenyewe, kuvaa, kucheza. Kuna fiziotherapisti, wa miguu, shingo na mgongo. Wote ni wataalamu wa kweli wenye mipaka ya kweli. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo huenda akahitaji wote, na wa usemi juu yao.

Shida ni mtu wa fani moja kuvaa kanzu ya fani nyingine. Ila sitaki kuwaambia mumfukuze kila asiye na shahada ya usemi, maana Amu tukifanya hivyo hatubaki na mtu. Mwalimu au okupeshonali therapisti wa karibu anaweza kuwa mikono ya mtaalamu aliye mbali: mtaalamu anafanya tathmini, anaandika malengo, anamwonyesha huyu wa karibu la kufanya, na wanapitia pamoja kila baada ya wiki kadhaa. Huo ni utaratibu unaokubalika. Muulizeni huyo mgeni wenu: "Anakusimamia nani, na tunaweza kuzungumza naye?" Akimtaja na simu ikapokewa, mazungumzo yanabadilika kabisa. Wiki sita chini ya msimamizi si sawa na wiki sita peke yako.

---

usemi_pwani

@mwalimu_tathmini nakubali, na sharti ni hilo la msimamizi. Pasipo msimamizi, sikubali.

---

kikundi_amu

Tumempigia kuhusu msimamizi. Amesema hana na hahitaji. Basi tumeachana naye, tunatafuta mwingine.

Tuna maswali mawili. Kwanza, kuna mama hapa ambaye mwanawe wa miaka minne alipimwa na mtu mwingine huko nyuma, karatasi ikaandikwa ana makosa kwenye ch na j, eti anasema "mato" na "moya" badala ya macho na moja. Sisi sote tunasema hivyo! Huyo mtoto ana tatizo au hana? Pili, yule mzee: tumtafutie mtu huyo huyo wa watoto?

---

usemi_pwani

Hili la kwanza ndilo lenye uzito kuliko vyeti vyote, nitalikalia kidogo.

Mtoto wa Amu anayesema mato, kitwa, moya, ndia, mtele, hana kosa. Anasema Kiamu. Vivyo hivyo mtoto wa Kigiriama aliyeko Malindi akisema matso, kitswa, madzi, hajakosea, hiyo ni lugha ya kwao inaingia kwenye Kiswahili chake. Mpimaji anayekuja na orodha ya Kiswahili sanifu na kalamu nyekundu atawapa watoto wazima ugonjwa. Na ubaya wa pili hauonekani: atashindwa kumwona mgonjwa halisi. Chukua neno kichwa. Mtoto wa Amu akisema "kitwa", sawa. Akisema "titwa" na ana miaka minne, hapo kuna jambo, maana ameigeuza k kuwa t, na utaliona tena kwenye "tuku" badala ya kuku na "tamba" badala ya kamba. Zote mbili ni t, lakini moja ni ya mtaa na nyingine ni ya mtoto. Asiyejua lahaja hawezi kuzitenganisha.

Kwa hiyo muulizeni kila mtaalamu mgeni: "Hujui Kiamu, utafanyaje?" Jibu zuri liko hivi: atamsikiliza mama au bibi akisema maneno yale yale, ataandika wanavyotamka wakubwa wa nyumba hiyo, na mtoto atalinganishwa na wao. Anaweza pia kumwomba mtu wa hapo akae pembeni. Jibu baya ni "tutamfundisha Kiswahili sahihi". Hiyo si tiba.

Kitu kingine cha kuuliza ni vipimo anavyotumia. Vipimo vingi vya kununua vimetengenezwa kwa Kiingereza, na alama zake zimepatikana kwa watoto wa huko. Ukivitafsiri, alama zake hazina maana tena. Mtoto akipewa "asilimia" au "umri wa lugha" uliotokana na kipimo cha Kiingereza kilichotafsiriwa papo hapo, ripoti hiyo haina msingi. Anaweza kutumia picha zake kama vichocheo, hilo halina neno, bila kuandika alama.

Hata kuhesabu maneno kuna mtego. Vitabu vya Kiingereza husema mtoto wa miaka miwili aunganishe maneno mawili, naye mpimaji anakaa anasubiri mawili. Mtoto akisema "sikupi", mpimaji anaandika neno moja. Lakini humo ndani kuna mimi, kuna wewe, kuna kukataa na kuna kupa. Mpimaji makini ataangalia kama mtoto anazibadilisha hizo sehemu: anasema pia "nakupa", "hanipi", "nipe"? Akizibadilisha, sarufi inakua. Ikiwa anajua "sikupi" tu, imekaririwa kama jina.

Na kuna silabi za mwanzo. Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo watoto wadogo huangusha ya kwanza: kitabu inakuwa "tabu", mtoto inakuwa "toto". Kwa mwenye miaka miwili ni kawaida. Mkubwa wa miaka mitano akiendelea hivyo, kuna mawili: ama ulimi unashindwa na urefu wa neno, ama hajashika ngeli, kwa sababu ile silabi iliyoanguka ndiyo inayobeba ki- na m-. Tiba za hayo mawili hazifanani. Mtaalamu atalipima kwa maneno marefu yasiyo na kiambishi cha ngeli mwanzoni, na kwa kusikiliza kama anasema "kikubwa" na "mkubwa" mahali pake. R na l kuchanganywa, th, dh na gh kuchelewa, hayo msiyakimbilie mapema.

Mama wa huyo mtoto amrekodi akizungumza nyumbani kwa dakika kumi, akicheza, si akihojiwa "sema kichwa, sema kichwa". Rekodi hiyo aende nayo kwa mtaalamu atakayepatikana. Kama majirani na watoto wenzake wanamwelewa, asiwe na haraka.

---

muuguzi_kiharusi

Kuhusu mzee. Hapana, msimchanganye na watoto, na msisubiri asubuhi moja ya mwezi. Maji kumpalia ni jambo la wiki hii.

Maji ni mepesi, yanateremka haraka kuliko misuli ya koo inavyowahi kufunga njia ya hewa. Yakiingia mapafuni mara kwa mara humletea nimonia. Angalieni mambo haya: anakohoa akinywa au muda mfupi baadaye, sauti inakuwa ya majimaji kama ana kitu kooni, chakula kinabaki shavuni upande uliolegea, anatokwa na jasho au kupumua kwa shida akila, homa zinazorudi bila sababu, uzito unapungua. Wengine hawakohoi kabisa na bado yanaingia, kwa hiyo kutokohoa kusiwape uhakika. Akiwa na homa au anahema, hospitali siku hiyo hiyo.

Mkiwa mnangoja kumwonyesha: aketishwe wima kabisa, asilishwe amelala wala akiwa na usingizi. Kijiko kidogo cha chai, kama mililita 5, kimoja, mngojeeni ameze kabla ya cha pili. Redio na mazungumzo vizimwe. Abaki amekaa nusu saa baada ya kula. Meno na ulimi visafishwe asubuhi na jioni, kwa sababu mate yenye uchafu yakienda mapafuni ndiyo yanayoleta maradhi. Msianze wenyewe kumnywesha kila kitu kizito kama uji. Kwa wengine inasaidia, kwa wengine wanaishia kupungukiwa maji mwilini, na uzito wa kinywaji huamuliwa baada ya kupimwa.

Mtaalamu wa mzee aulizwe: umefunzwa kumeza? umeshughulika na wagonjwa wa kiharusi wangapi hospitalini? Si kila wa usemi anafanya kumeza.

Na maneno. Familia nyingi hukasirika kwa sababu mzee hawezi kuomba maji, lakini akianza Alhamdu anaisoma yote bila kukwama, au anahesabu moja hadi kumi. Wanasema anafanya makusudi. Hafanyi. Yaliyokaririwa miaka mingi hupita njia nyingine kwenye ubongo, na maneno ya kutunga papo hapo ndiyo yaliyoathirika. Mtaalamu mzuri atauliza mzee aliswali vipi, alisema lugha gani nyumbani, alifanya kazi gani, na ataanzia kwenye lugha hiyo. Nyinyi huku semeni naye kwa sentensi fupi, swali moja la ndiyo au la, kisha ngojeni sekunde kumi. Kumi ni nyingi kuliko mnavyodhani, hebu zihesabuni.

---

mzazi_maweni

Kwa upande wa video: inafanya kazi zaidi ya watu wanavyofikiri, kama mtaalamu anamfundisha mzazi badala ya kumtaka mtoto akae mbele ya simu. Simu iegemezwe, isishikwe. Feni izimwe, ndiyo inayomeza s na f. Mtu mwingine aondoke na ile simu ya pili yenye kutumia bando lile lile. Dakika 30 zatosha. Kutazama ndani ya kinywa, kaakaa na kumeza kwa mara ya kwanza kufanywe ana kwa ana. Kwa hiyo safari moja ya tathmini, kisha video, ni nafuu kuliko kila mwezi boti na basi.

Jambo jingine: mtu akiwaomba kumpiga mtoto video "kwa ajili ya ukurasa wetu", hiyo si sehemu ya tiba. Sheria ya kulinda data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kwa taarifa za mtoto. Sema hapana na tiba iendelee. Akikata huduma kwa hilo, mmemjua.

---

masikio_kwanza

Na wa kukata ulimi wasisahauliwe. Akitokea mtu anasema kila mtoto asiyesema ana "uzi wa ulimi" ukatwe, kataeni. Uzi mfupi unaweza kusumbua kunyonya, na mara chache baadhi ya sauti. Haumfanyi mtoto asiwe na maneno kabisa. Mtoto anayesema "baba, mama, maji" kwa ufasaha na hana jingine, tatizo lake haliko kwenye uzi.

---

kikundi_amu

Ahsanteni sana, Mungu awajaze kheri. Mzee ameondoka leo na mwanawe kwenda hospitali. Watoto tunapanga masikio kwanza.

La mwisho. Tukimpata mtaalamu na tukaanza, tutajuaje inafanya kazi? Na wengine wanatuambia filimbi, kupuliza mapovu na kunyoosha ulimi mbele ya kioo ndiyo tiba yenyewe.

---

usemi_pwani

Filimbi na mapovu ni mchezo mzuri wa kumfanya mtoto akae na kungoja zamu. Havitengenezi k wala r. Kupuliza na kutamka ni kazi mbili tofauti kwa misuli ile ile, na mazoezi ya ulimi yasiyo na sauti hayajaonyesha kusaidia matamshi. Nusu ya kipindi ikiisha kwa filimbi, ulizeni inalenga nini.

Kujua kama inafanya kazi kunaanzia kwenye ripoti ya kwanza. Kataeni lengo la "kuboresha mawasiliano". Lengo liandikwe namna ambayo bibi nyumbani anaweza kulihesabu: "Kwa wiki nane, ataomba kitu kwa neno, ishara au picha mara kumi kwa siku bila kuvuta mkono wa mtu." Siku ya kwanza mnahesabu: labda mara mbili. Mnaandika kwenye karatasi ukutani. Wiki ya nne mnahesabu tena. Ikiwa bado ni mbili, si lazima mtaalamu awe mbaya, lakini ni lazima abadilishe kitu na awaambie anabadilisha nini. Akisema "ongezeni vipindi" tu, rudini kwenye maswali ya mwanzo. Picha na ishara msiziogope, hazimzuii mtoto kusema.

Mzazi awe ndani ya chumba. Mlango ukifungwa na mtoto peke yake, hata kama anatoka anacheka, nyumbani hakuna kilichofika, maana kipindi ni dakika 45 na wiki ina siku saba. Kila mkitoka mwe na jambo moja la kufanya kwa dakika kumi au kumi na tano kila siku, na mtaalamu awe amekuona ukilifanya. Mambo matano kwenye karatasi hayafanywi, tunajua.

Wa kigugumizi aandikwe kando: ana umri gani, kilianza lini, kuna ndugu aliyenacho, anakunja uso au kukwepa maneno? Kikiwa kimepita miezi sita hadi mwaka, au kuna jamaa aliyekuwa nacho mpaka ukubwani, asingojeshwe. Na huku nyumbani asiambiwe "tulia, vuta pumzi, anza tena".

Hesabu ya siku mkimleta mtaalamu kisiwani: watoto sita, si zaidi, kila mmoja dakika 45 na robo saa ya kuandika na kuzungumza na mzazi. Aanze saa mbili asubuhi, na mapumziko ya adhuhuri, amalize saa tisa. Nauli ya boti na basi mgawane. Watoto watatu waliobaki wawe wa kwanza safari ya pili, na majina yaandikwe kabisa sasa kabla hamjaanza kugombania zamu.